Je, Kupandikiza Nywele ni Kumkosoa Muumba?

Ndugu msomaji, swali hili sikulikuta kitabuni. Nililikuta uwani, chini ya mwembe, huko Miono, katika njia itokayo Mandera kuelekea Saadani. Nilikuwa nimekwenda huko kwa ziara ya siku tatu ya kufundisha, na baada ya sala ya alasiri kijana mmoja wa miaka thelathini na mmoja akabaki nyuma wenzake walipotawanyika. Akanisalimu mara ya pili, "Shikamoo Mwalimu," kana kwamba salamu ya kwanza haikutosha. Kisha akavua kofia yake. Nywele zilikuwa zimemwondoka tangu paji la uso hadi utosini, ilhali za pembeni na za kisogoni zilikuwa nene kama za kijana yeyote wa umri wake.

"Nataka kwenda kupandikizwa nywele," akasema. "Lakini nachelea nisije nikasimama mbele ya Mwenyezi Mungu nikaulizwa kwa nini sikuridhika na alichonipa."

Akanieleza kwamba dada yake afanyaye kazi Maskati ameahidi kumtolea nusu ya gharama. Nusu iliyobaki angeipata kwa kuuza kipande cha shamba la marehemu baba yao. Zahanati moja ya ng'ambo ilikwisha kumtajia bei na tarehe baada ya kupokea picha mbili za kichwa chake kwa simu. Tena alikuwa amechumbia, na mchumba wake hajapata kumwona bila ya kofia.

Mimi mwenyewe nina upara. Ulinianza nikiwa mwanafunzi katika chuo cha dini ng'ambo, na nakiri kwamba kwa muda wa miaka miwili hivi nilivaa kofia hata nilipokuwa peke yangu chumbani. Basi sikuweza kumcheka kijana yule. Naandika maneno haya hasa kwa ajili yenu mlioingia katika dini karibuni, au mnaoichunguza mkiwa bado nje ya mlango, kwa sababu aghalabu mtu kama ninyi huambiwa "haramu" kabla hajaulizwa anaumwa wapi.

Yafaa kwanza tujue jambo lenyewe ni nini, maana hukumu juu ya kitu kisichojulikana ni dhuluma. Upara wa wanaume walio wengi una chanzo cha urithi. Mizizi ya nywele za mbele na za utosini huwa na udhaifu mbele ya homoni moja ya kiume. Kidogo kidogo nywele huota nyembamba na fupi, mwishowe haziotitena kwa macho ya mtu. Mizizi ya kisogoni na pembeni haina udhaifu huo. Daktari Okuda wa Japani aliandika mwaka 1939 juu ya kuhamisha vipande vidogo vya ngozi yenye nywele, lakini vita vikafunika kazi yake. Kisha mwaka 1952 huko New York, Daktari Norman Orentreich akahamisha nywele za kisogoni akazitia mahali penye upara, akaona kwamba zimeota na kudumu. Akayaandika hayo mwaka 1959. Nywele iliyohamishwa hubaki na tabia ya ilikotoka, wala haifuati tabia ya mahali ilipopelekwa.

Mkulima wa mpunga wa Bonde la Ruvu atalifahamu jambo hili kuliko mwenye shahada. Miche hung'olewa kitaluni ikapandikizwa jarubani. Hakuna mche mpya uliozaliwa katika kazi hiyo. Upo uliokuwa hapa, sasa uko pale. Na kitalu kikiisha, kimekwisha. Daktari hawezi kuumba hata unywele mmoja. Aweza kuchukua na kuhamisha tu, na kila anachokichukua kisogoni hakirudi tena.

Sasa tutazame hoja za wanaokataza. Hoja yao kubwa ni ile aya ya Sura An-Nisaa, ambamo Shetani anajigamba kwamba atawaamuru watu nao watabadili maumbile ya Mwenyezi Mungu. Wanasema, kupandikiza nywele si kubadili maumbile? Lakini aya hiyo yenyewe inataja desturi ya kukata masikio ya wanyama kwa ajili ya miungu ya uongo, na wafasiri wengi wa kale, miongoni mwao Mujahid, wameeleza kwamba maumbile yanayokusudiwa hapo ni dini ya Mwenyezi Mungu, yaani ile asili safi aliyomuumbia mwanadamu. Kama kila badiliko la mwili lingekuwa kazi ya Shetani, basi tohara nayo ingeingia humo, na kukata kucha, na kushona mdomo wa mtoto aliyezaliwa umepasuka. La hasha!

Hoja ya pili ni nzito zaidi, na sipendi kuipita kwa haraka kama wafanyavyo wengine. Imesimuliwa katika Bukhari kwamba msichana mmoja wa Kiansari aliolewa, kisha akaugua na nywele zake zikapukutika. Jamaa zake wakataka kumuungia nywele nyingine, nao wakamwendea Mtukufu Mtume s.a.w. kumwuliza, naye akakataza kwa maneno makali. Msomaji atasema: huyu naye alikuwa mgonjwa, naye alikuwa bibi arusi, kwa nini akakataliwa? Ni swali la haki. Jibu ninaloliona ni hili. Muawiya alipohutubu Madina alishika kishungi cha nywele mkononi, akasema kwamba Mtume s.a.w. aliita kitu hicho uongo. Kilichokatazwa ni kuweka juu ya kichwa kisicho chako ili mtu mwingine aamini kwamba ni chako. Nywele iliyotoka kisogoni kwako ikaota utosini kwako, ikakua, ikanyolewa, ikaota tena, ikapata mvi wakati wake ukifika, hiyo si ya mwingine wala si ya uongo. Wanazuoni waliokutana Putrajaya, Malaysia, mwaka 2007 kuyazungumza matibabu ya urembo walilitaja jambo hili la kupandikiza nywele zilizoanguka miongoni mwa yaliyoruhusiwa.

Lakini uongo waweza kuingia kwa mlango mwingine, nami nitaurudia.

Upande wa ruhusa tunaye sahaba Arfaja, aliyekatwa pua katika vita vya Kulab kabla ya Uislamu. Alijitengenezea pua ya fedha ikamnukia vibaya, naye Mtukufu Mtume s.a.w. akamwambia ajifanyie ya dhahabu, ingawa dhahabu haikuruhusiwa kwa wanaume. Pua ya Arfaja haikuwa ya kunusia. Ilikuwa ya kumwezesha kukaa mbele ya watu. Nani basi atasema kwamba dini haijali aibu ya mtu mbele ya wenzake?

Tena ipo ile hadithi ya watu watatu wa Bani Israili, mwenye ugonjwa wa ngozi, mwenye upara na kipofu, ambao Mwenyezi Mungu alitaka kuwajaribu, akawapelekea malaika. Yule mwenye upara alipoulizwa akipendacho zaidi, hakuomba elimu wala maisha marefu. Aliomba nywele nzuri, na kuondolewa jambo lililowafanya watu wamkimbie. Malaika hakumkaripia. Alimpangusa kichwa, nywele zikaota, akampa na ng'ombe mwenye mimba, na mifugo ikazaa hata ikajaza bonde. Jaribio lilikuja baadaye. Malaika alimrudia katika sura yake mwenyewe ya zamani, yaani maskini mwenye upara, akamwomba msaada. Naye mwenye nywele akadai kwamba mali ile ameirithi toka kwa mababu zake. Akasahau, au akajifanya amesahau, kichwa chake cha jana kilipokuwa mbele yake kikimwomba.

Nilipomsimulia kijana wa Miono hadithi hii alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Kwa hiyo kuomba si kosa." Nikamwambia, naam, kuomba si kosa, lakini siku utakapokuwa na nywele, utakutana na kijana mwingine mwenye kofia, nawe utaulizwa ulimtazamaje.

Hapa nina neno dogo la pembeni. Waarabu wana majina mawili ya upara. Ule unaotokana na ugonjwa wa kichwa, kama mapunye, wana jina lake. Na ule wa kawaida wa wanaume una jina lingine. Mtu wa katika hadithi ameitwa kwa lile la ugonjwa. Lakini katika Sahihi Muslim, Abdallah bin Sarjis anamtaja Hadhrat Umar r.a. kwa lile jina la pili: alimwona yule mwenye upara akilibusu Jiwe Jeusi. Halikuwa tusi. Lilikuwa jina la kumtambulisha, kama tusemavyo sisi "yule mrefu". Khalifa aliyetikisa milki za Uajemi na Rumi alitambulikana kwa upara wake, wala hapakuwa na aliyeona ajabu. Basi ugonjwa hutibiwa, na upara wa kawaida waweza kuachwa ukakaa kwa heshima. Yote mawili yamo. Hata ile hadithi ituamrishayo kutafuta dawa, kwa kuwa kila maradhi yana dawa, imetoa jambo moja tu, nalo ni uzee. Mtu wa miaka sabini anayetaka kichwa cha miaka ishirini na ajiulize vizuri anatafuta dawa ya nini. Kijana wa miaka thelathini na mmoja ana udhuru mkubwa zaidi.

Wala tusidanganyike na sifa za bure tunazowapa wenye upara, kwamba upara ni dalili ya akili au ya utajiri. Watu huzisema kwa mzaha, lakini mzaha wa namna hii umekwisha kumwaga damu. Mwezi Juni 2017 polisi wa Msumbiji waliwaonya wanaume wenye upara wajihadhari, baada ya wanaume kadhaa kuuawa na viungo vyao kuchukuliwa kwa ajili ya uganga, huko upande wa Milange, kwa imani kwamba vichwa vyao vina mali. Anayemdharau mwenye upara na anayemwona kuwa hazina, wote wawili hawajamwona mtu aliye chini ya ngozi ile.

Sasa kijana akauliza ajiandae vipi. Nikamwambia kwamba maandalizi ya kwanza ni ukweli, na ukweli huo huanzia mbele ya daktari. Mtu anayetaka kukatwa kichwani aonane kwanza na daktari wa ngozi, aliye na macho na mikono, asiamini picha mbili za simu. Kwetu Tanzania tunacho kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi huko Moshi, katika hospitali ya KCMC, tangu mwaka 1992, na Muhimbili pia wapo mabingwa. Daktari ataangalia kwanza kama ni upara wa urithi, au ni ugonjwa unaounguza mizizi na kuacha makovu. Maana kupandikiza juu ya ugonjwa ulio hai ni kupanda miche katika shamba linalowaka moto. Kwa akina mama nywele za mbele huondoka mara nyingi kwa kusukwa na kuvutwa mno miaka mingi, na dawa ya kwanza hapo ni kuacha kuvuta.

Daktari aelezwe yote: kisukari, shinikizo la damu, homa ya ini, dawa za hospitali na za miti shamba, sigara. Nalisisitiza la dawa kwa sababu zipo zinazozidisha kutoka damu, kama aspirini, na daktari ndiye wa kusema iachwe au isiachwe. Mtu asijiachishe mwenyewe dawa ya moyo kwa ajili ya nywele. Sigara huzuia jeraha kupona vizuri, na wapasuaji hutaka iachwe kabla. (Mvutaji anayeacha sigara kwa ajili ya utosi, na hakuiacha kwa ajili ya mapafu yake, anachekesha, lakini na aiache kwa sababu yoyote aipatayo.)

Kisha kuna jambo ambalo zahanati ile ya ng'ambo haikumwuliza kabisa. Ngozi zetu sisi watu weusi huelekea zaidi kuota makovu manene yanayovimba na kutambaa kupita jeraha lenyewe. Nikamwomba anionyeshe kovu lake la chanjo ya kifua kikuu begani. Lilikuwa limevimba, ukubwa wa mbegu ya ukwaju. Mimi si tabibu, sikutoa hukumu. Nikamwambia tu kwamba bega hili lionyeshwe daktari kabla ya kichwa. Tena nywele zetu za kipilipili zina mzizi uliopinda chini ya ngozi kama ndoana. Chombo kinachoingia wima huweza kuukata mzizi badala ya kuung'oa mzima. Basi ni haki ya mtu kumwuliza mpasuaji: umewafanyia wangapi wenye nywele kama zangu, nami nitaona vichwa vyao? Ni wewe utakayekata, au ni msaidizi wako? Utachukua mizizi mingapi, na itabaki mingapi? Na nywele zangu za asili zilizo nyuma ya hizo mpya zikiendelea kuondoka, kama ziendeleavyo kwa vijana, nitabaki na kisiwa cha nywele pajini na jangwa nyuma yake? Nitahitaji kutumia dawa muda wote, na dawa hizo zina madhara gani? Mtukufu Mtume s.a.w. amefundisha kwamba anayejitia utabibu bila ya kujulikana kwa utabibu huo hubeba dhamana ya madhara atakayoleta. Basi kuuliza maswali haya si ukosefu wa adabu.

Na subira nayo iandaliwe. Kazi yenyewe hufanywa kwa ganzi, mtu akiwa macho, kwa saa nyingi. Nywele zilizopandikizwa aghalabu huanguka baada ya wiki chache, na mwenye nazo hudhani amepoteza fedha zake. Mzizi umebaki, na nywele huanza kuota upya baada ya miezi mitatu au minne. Matokeo kamili huonekana kwa muda wa mwaka au zaidi.

Lakini kijana alikuwa na swali ambalo sikulitazamia, nalo ndilo lililonifanya niandike. Alikuwa amesoma kwamba baada ya upasuaji mtu haruhusiwi kuinama wala kugusisha paji la uso kwa siku kadhaa. "Na sijda, Mwalimu?" akauliza.

Ndugu msomaji, sheria ni nyepesi: asiyeweza kusujudu husali kwa kadiri awezavyo, akiwa amekaa, akiashiria kwa kichwa. Aliyekatazwa maji juu ya jeraha naye ana ruhusa yake. Lakini ruhusa hiyo ni ya mgonjwa. Je, mtu anayeingia mwenyewe katika hali ya kutoweza kusujudu, kwa ajili ya sura yake, ni mgonjwa? Nilifikiri sana kabla ya kumjibu. Mwishowe nikasema kwamba anayeng'oa jino, au anayepasuliwa mtoto wa jicho ambaye angeweza kusubiri, naye huingia mwenyewe, wala hatumlaumu. Kama aibu yako ni ya kweli kiasi cha kukufanya usikae na watu na uogope kuoa, basi unatibu jambo la kweli, na ruhusa ni yako. Kama ni shauku ya picha tu, basi siku zile ambazo paji lako halitagusa ardhi zitakuwa ni gharama kubwa kuliko fedha za dada yako. Nani ajuaye ni lipi kati ya hayo mawili? Wewe peke yako, na Yeye aliyekuumba. Sali Istikhara. Na mtoto wetu anapozaliwa, siku ya saba tunamnyoa, na uzito wa nywele zake tunautoa sadaka kwa fedha. Na katika Hija wanyoao waliombewa dua mara tatu, na wapunguzao mara moja. Nywele tunazipewa, na mara mbili katika maisha tunafundishwa kuzitoa kwa furaha. Anayezitafuta azitafute akilijua hilo.

Nikauliza juu ya shamba. Ikadhihirika kwamba mirathi haijagawanywa. Mama yu hai, na wapo ndugu wawili wadogo. Hapa sikuwa na taratibu tena. Nikamwambia kwamba kuhusu nywele tumekaa saa nzima tukipima ruhusa, lakini kuuza fungu la mama na la yatima hakupimwi hata dakika moja. Hilo ndilo haramu lililokuwamo katika shauri lake, na hakulileta kama swali. Alilileta kama njia ya kupata nauli. Aliinamisha kichwa. Akasema atangoja mavuno ya ufuta ya miaka miwili, kama itabidi.

Na mchumba? Huu ndio mlango wa pili wa uongo niliousema. Nywele zake zilizohamishwa si uongo. Lakini kumficha mke upara ambao huenda watoto wao wa kiume wataurithi, na deni litakalolipwa kwa chakula cha nyumba moja, hilo linakaribia kile kishungi cha Madina. Nikamwambia avue kofia mbele ya mchumba, wazee wakiwapo, kabla hajaivua mbele ya daktari yeyote.

Baada ya wiki saba nilipata barua yake. Mchumba alicheka, kisha akauliza kama baba yake naye alikuwa na upara, na baada ya hapo mazungumzo yakaenda kwenye mahari. Daktari wa ngozi aliliangalia bega, akaangalia na kisogo, akakuta vipele viwili vigumu ambavyo kijana alidhani ni vya wembe wa kinyozi. Alimpa dawa ya vipele hivyo, akamwambia asimruhusu mtu yeyote kumkata kwa sasa. Vikipoa, huenda mpasuaji akajaribu mizizi michache tu mahali pasipoonekana, na kungojea miezi kadhaa kuona kovu litakavyokuwa. Fedha za dada zimerudi Maskati. Kijana ananiuliza katika barua hiyo kama inafaa kuendelea kusali Istikhara kwa jambo ambalo daktari amekwisha kuliahirisha, nami bado sijamjibu.